Namna ya Kumkata Mwizi Kichwa Wizi Ukabaki

Anza na hili: *Mwizi akikatwa kichwa hubaki uhalifu (4).*

Usiite polisi, hakuna damu itakayomwagika. Andika MWIZI kwa herufi kubwa, futa herufi ya mbele, soma kilichosalia. WIZI. Herufi nne, kama mabano yalivyoahidi, na wizi ni uhalifu. Hongera, umefumbua dokezo lako la kwanza la chemshabongo ya mafumbo, na kichwa cha mwizi kimo mkononi mwako: ni herufi M.

Chemshabongo tuliyoizoea, ile ya "mji mkuu wa Uganda (7)", hupima unachokijua. Kama hujui, huna la kufanya ila kuuliza jirani. Hii ya mafumbo hukuwekea mezani kila unachohitaji, halafu hufanya kila hila usikione. Dokezo husomeka kama sentensi ya kawaida kabisa, yenye habari ya mwizi, ya mvua au ya jikoni, na habari hiyo yote ni ya kukupoteza. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni ngumu kwa watu waungwana: usiamini kinachosemwa. Sikiliza maneno yenyewe, moja moja, kama karani anayehakiki hesabu.

Kanuni ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: usiandike jibu kwenye miraba mpaka uweze kulieleza. Kubahatisha kunaruhusiwa, tena kunasaidia, lakini jibu lililobahatishwa liandikwe pembeni kwa penseli hadi kila neno la dokezo liwe limepewa kazi yake. Wapo wanaojaza miraba yote wakafunga gazeti wakiwa na furaha, ukiwauliza "kwa nini?" wanakuonyesha kwamba herufi zimeingia. Hao wamepaka rangi tu. Bado hawajafumbua.

Sababu yake ni hii. Kila dokezo la haki lina mashahidi wawili. Wa kwanza ni maana: neno au kifungu kinacholitaja jibu waziwazi, kama ambavyo kamusi ingelitaja. Wa pili ni mchezo: maelekezo ya kulijenga jibu lilelile kwa herufi zake. Maana hukaa mwanzoni mwa dokezo au mwishoni, haikai katikati. Kinachosalia ni mchezo, na labda kiungo kidogo cha kuunganisha pande hizo mbili. Kwenye dokezo la mwizi, maana ni "uhalifu", mchezo ni "mwizi akikatwa kichwa", na "hubaki" ni kiungo. Mashahidi wote wawili wametoa jina moja, na kesi imekwisha.

Hapo ndipo dokezo linapoachana na kitendawili. Nikikutegea kuwa nyumba yangu haina mlango, utajibu yai, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa tangu utotoni. Lakini mtoto mwenye akili akijibu "kaburi", nitamkatalia kwa hoja gani? Nitamkatalia kwa mila tu. Kitendawili kina shahidi mmoja, naye ni wazee. Dokezo linajithibitisha lenyewe, na kijana anaweza kumshinda mzee kwa ushahidi ulioandikwa. Kitu kimoja ningependa tukihamishe kutoka kwenye vitendawili: ile desturi ya "nipe mji". Dokezo likikushinda, toa mji. Toa mji mzuri. Inakuchoma, na kesho utasoma kwa makini zaidi.

Mchezo huu kwao ni Uingereza, ingawa miraba yenyewe ilitokea ng'ambo. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, aliichapisha ya kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ikiwa na umbo la almasi. Ilipovuka bahari miaka ya 1920, Waingereza waliona kuulizwa maana za maneno hakutoshi. Edward Powys Mathers, aliyetunga kwenye The Observer kuanzia 1926 mpaka alipofariki mwaka 1939, alijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kutesa wazushi wa dini huko Hispania. Wasomaji walijua mapema kilichowangoja. Mrithi wake, mwalimu D. S. Macnutt, alichukua jina la mtesaji mwingine, Ximenes. Jonathan Crowther, aliyeshika nafasi hiyo mwaka 1972, alimchagua mtesaji aitwaye Deza, kisha akaligeuza jina lisomeke kutoka nyuma: Azed. Tazama tena, lina A na lina Z, mwanzo na mwisho wa alfabeti. Kulikuwa na mwingine pia, A. F. Ritchie, aliyetia saini yake kwa jina Afrit. Sisi tuliokulia hadithi za majini tunamfahamu afriti bila kamusi, lakini soma tena herufi za mwanzo za jina la mwenyewe: A, F, Rit. Watu hawa walicheza hata pale walipotakiwa kuandika majina yao tu.

Katika hao wote Ximenes ndiye mwalimu. Kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu sanaa ya chemshabongo kiliweka sheria inayofuatwa na watunzi wengi hadi leo: dokezo liwe na maana sahihi, liwe na njia ya pili ya haki ya kulifikia jibu, na lisiwe na kitu kingine chochote. Hicho kipengele cha tatu ndicho kinachowaumiza watunzi, kwa sababu neno zuri lisilo na kazi lazima liondoke. Ndicho pia kinachomlinda mfumbuaji. Ukijua kwamba hakuna neno la mapambo, huna haja ya kumwogopa mtunzi. Anaweza kukudanganya kwa sura ya sentensi, hawezi kukudanganya kwa maneno.

Sasa tufanye kazi. Tafuta penseli, kifutio na karatasi ya pembeni.

*Safari imevurugwa na mnyama mwenye kwato (6).*

Sentensi inakupeleka Mikumi: gari limesimama, nyati amelala njiani, watalii wamechelewa. Achana nayo. Angalia "imevurugwa". Katika lugha ya watunzi, kila neno la fujo ni amri ya kuchanganya herufi zilizo jirani: kuvurugwa, kuchafuka, kulewa, kuvunjika, kupepesuka, kurukwa na akili. Hilo ndilo tunaloliita ishara. Kinachovurugwa hapa ni SAFARI, nalo lina herufi sita, idadi ileile ya kwenye mabano. Ushahidi huo unatosha kuanzia.

Usiandike herufi hizo kwa mstari, maana jicho litasoma "safari" mpaka jioni. Ziandike kwa duara: S, A, F, A, R, I. Sita zenye A mbili zinaweza kupangwa kwa njia 360, na hapo Mwingereza hushika kichwa. Sisi tuna bahati. Maneno yetu huishia kwa irabu, na silabi zetu nyingi ni konsonanti ikifuatwa na irabu. Ukiweka S, F na R kwenye nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano, kisha A, A na I kwenye zilizobaki, njia 360 zinashuka hadi 18, na moja kati ya hizo ni SAFARI lenyewe. Kumi na saba unaweza kuzipitia chai ikiwa bado moto. SARAFI, RAFASI, FASARI, FARASI. Mnyama mwenye kwato. "Na" ni kiungo. Hakuna neno lililobaki bila kazi, na sasa unaweza kutumia wino.

Nalipenda dokezo hili kwa sababu lugha yenyewe ndiyo iliyolitunga. Safari na farasi zimekaa ndani ya herufi zilezile miaka yote hii, tukizitamka pamoja, wala hatukuziona.

Aina nyingine haivurugi chochote. Jibu limeandikwa mbele yako, limekatwa na nafasi tu. *Hawana ziada, ila wameficha cha kutia kwenye wali (4).* Ishara ni "wameficha". Wafichaji ni "Hawana ziada", kwa hiyo pekua humo: hawaNA ZIada. Nazi! Alama za uakifishaji na nafasi kati ya maneno hazina maana yoyote katika mchezo huu, zipuuze kama mbwa anayebweka nyuma ya ukuta. Aina hii ndiyo ya kumfundishia mtoto, na katika Kiswahili hupatikana kwa wingi kwa sababu mwisho wa neno moja na mwanzo wa jingine hushikana kwa urahisi.

Kuna ya maana mbili, ambayo haichezi na herufi kabisa. *Kilicho juu ya nyumba ni mnyama mwepesi wa mbio (3).* Paa na paa. Kuna ya kuunga vipande: *Bara baada ya bara, njia ya magari (8)* ni BARABARA, na ukishaiona huwezi tena kuiandika bila kuona mabara mawili yameshikana mikono. Hizi si ngumu, nazipita.

Ninapotaka tukae kidogo ni kwenye kugeuza. Mwingereza akiambiwa ageuze neno hulisoma herufi kwa herufi kutoka mwisho, kama Deza alivyokuwa Azed. Kwetu njia hiyo haizai sana, kwa kuwa neno linaloishia kwa irabu likigeuzwa hivyo huanza kwa irabu, na maneno ya namna hiyo ni machache. Lakini watu wa pwani wana mchezo wao wa siku nyingi, kinyume, wa kupindua silabi ili mgeni asielewe kinachosemwa mbele yake. Huo ndio wa kuutumia. Pindua silabi, utaona hazina tuliyoikalia. *Lima kinyume upate utajiri (4)*: LI-MA, MA-LI. *Tatu kinyume hupunguza mwendo wa gari (4)*: TA-TU, TU-TA. Kata inageuka taka. Siku inageuka kusi. Nane ikipinduliwa ni nena, na tano ni nota. Namba tatu kati ya kumi za kwanza zina neno jingine mgongoni! Mtunzi wa Kiswahili asiyejua kinyume amefungiwa nje ya chumba bora cha nyumba yake.

Halafu kuna ya kumeza, ambapo kitu kinaingizwa ndani ya kingine. *A imeingia mjini, sasa yanatoka bombani (4).* Chukua MJI, ingiza A ndani yake: M, A, JI. Maji. Angalia jinsi "mjini" lilivyofanya kazi mbili, ni mahali katika hadithi na ni amri ya kuingiza herufi katika mchezo. Halafu angalia "yanatoka". Mtunzi angeweza kuandika "hutoka", lakini ametaja ngeli. Mfumbuaji mwenye sikio ameshajua kabla ya kugusa mchezo kwamba jibu ni la ya-: maji, mafuta, maziwa. Upatanisho wa kisarufi ni msaada ambao Waingereza hawana, na ndiyo silaha yako ya kwanza unapokwama. Jiulize: maana inazungumza kwa ki-, kwa i-, kwa ya- au kwa mo-?

Kwa mo- nina dokezo ninaloliheshimu: *Ni ndani ya kasa wanamosali Wakristo (6).*

Lisome pole pole. Kwa sura ni habari ya ajabu, waumini wamo ndani ya tumbo la kobe wa baharini, kama Yunusi. Sarufi yake imekaa sawa. Mtu angeweza kuisema kwa mshangao akaeleweka. Sasa ivunje. Maana iko mwishoni: "wanamosali Wakristo", mahali pa ndani, ndiyo maana ya ile mo-. Mchezo ni maneno manne ya mwanzo, nayo yanasema kitu kimoja tu bila kuficha: NI, ndani ya KASA. KA, NI, SA. Kanisa. Lile "ni" dogo ambalo hakuna anayeliona, ambalo tunalisema mara elfu kwa siku, ndilo jiwe lililojenga jengo zima. Hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua.

Upatanisho huohuo, hata hivyo, humtia mtunzi majaribuni. Hili linachekesha kuliko yote yaliyotangulia: *Bibi yumo kwenye kachumbari (6).* Jibu ni NYANYA, kwani kwa wengi, hasa Kenya, nyanya ni bibi, na nyanya ni ile nyekundu inayokatwa pamoja na vitunguu. Kila anayelisikia hucheka. Nami nalikataa. Bibi *yumo*, lakini nyanya ya kachumbari *imo*. Maana ya pili inadai kiumbe mwenye uhai, na bakulini hakuna kiumbe mwenye uhai. Mfumbuaji atakayelitafuta jibu kwa kufuata ngeli, kama nilivyomshauri hapo juu, ataadhibiwa kwa kuwa mwaminifu. Litengenezwe: *Bibi ni kiungo cha kachumbari (6).* Kicheko kimepungua kidogo, haki imerudi. Ukilazimika kuchagua kati ya kicheko na haki, chagua haki, kwa sababu msomaji aliyeonewa hatarudi wiki ijayo.

Aina moja tuwaachie wenyewe. Watunzi wa Kiingereza hutegemea sana maneno yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti, na huweka ishara kama "nasikia" au "redioni". Sisi tunaandika kama tunavyotamka. Mlango huo kwetu umefungwa, na hatuna hasara.

Sasa kueleza, maana ndiyo nusu iliyo kubwa. Fikiria umekaa barazani na shangazi yako, gazeti moja, penseli moja.

"Shangazi, hapa ni farasi."

"Umejuaje, mwanangu?"

"Linaingia tu, shangazi. Lina herufi sita, na ni mnyama."

"Ngamia naye ana herufi sita. Hilo 'imevurugwa' linafanya kazi gani hapo?"

Shangazi ana haki, na hujamjibu. Ngamia ana herufi sita na ni mnyama, na kama ungeandika ngamia kwa wino ungeharibu maneno yote yanayokatiza hapo. Maelezo kamili hujibu maswali matatu, kwa mpangilio huu: maana ni ipi, ishara ni ipi, herufi zimetoka wapi. "Maana ni mnyama mwenye kwato. Ishara ni imevurugwa. Herufi ni za safari." Sentensi tatu, na ngamia ameondoka mwenyewe. Wafumbuaji wa Uingereza wana namna ya mkato ya kuandika hayo, nayo inafaa tuichukue: maana hupigiwa mstari chini, kilichovurugwa huwekwa kwenye mabano na kinyota, hivi, (SAFARI)*, na kilichomezwa huwekwa kwenye mabano ndani ya kilichokimeza, KA(NI)SA. Kwa mtazamo mmoja tu unaona jengo na mifupa yake.

Unapomweleza mtu ambaye bado hajafumbua, usimpe jibu. Mpe ishara kwanza. Sema "tazama hilo neno la fujo", kisha nyamaza. Akikwama, mwonyeshe upande ilipo maana, kisha nyamaza tena. Kunyamaza ni sehemu ya mafunzo. Anayepewa jibu hupata neno moja; anayepewa ishara hupata uwezo wa kufumbua dokezo lolote la namna hiyo maishani mwake. Na ukifika mahali ukajua jibu lakini neno moja la dokezo halina kazi, sema hivyo hadharani: "jibu ninalo, maelezo hayajatimia." Huenda umekosea, huenda mtunzi amekosea, na kusema wazi ndiyo njia pekee ya kujua nani.

Mtu akikuuliza faida ya haya yote, mweleze ya Januari 1942. Gazeti la The Daily Telegraph lilialika wasomaji kufumbua chemshabongo kwa dakika zisizozidi 12, wakakusanyika na kuketi kama kwenye chumba cha mtihani. Baadaye baadhi yao walipokea barua za kuitwa kazini Bletchley Park, kulikovunjwa siri za mawasiliano ya jeshi la Ujerumani. Mchezo huohuo uliwatia kiwewe maofisa wa usalama miaka miwili baadaye. Mei 1944 na siku za mwanzo za Juni, chemshabongo za gazeti hilo zilikuwa na majibu kama Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune, yote yakiwa majina ya siri ya mpango wa kuvamia Normandy, uliotekelezwa tarehe 6 Juni. Mtunzi, mwalimu mkuu Leonard Dawe, alihojiwa na MI5. Hakuwa jasusi.

Lakini kisa ninachokithamini zaidi si cha vita. John Graham, kasisi wa Kianglikana aliyetunga kwenye The Guardian kuanzia 1958, alijulikana kwa wasomaji kama Araucaria, jina la mti ambao Waingereza husema humtatiza nyani kuupanda. Januari 2013 gazeti lilichapisha chemshabongo yake yenye maelezo mafupi juu yake: Araucaria ana namba 18 ya namba 19, inayotibiwa kwa 13 na 15. Wasomaji waliomfuata kwa miongo wakaketi na penseli zao kama kawaida. Herufi zilipokaa mahali pake walisoma saratani, umio, na tiba shufaa. Aliwaambia kwa lugha waliyokuwa wamezoea kuzungumza naye, kila mmoja akaipata habari kwa kasi yake na kwa jasho lake. Alifariki Novemba mwaka huo akiwa na miaka 92.

Mtu hawezi kufanya jambo kama hilo kwa lugha ya kuazima. Ndiyo maana nasihi tusitafsiri madokezo ya Kiingereza. Herufi zake hazivuki bahari. Tutunge ya kwetu, na kutunga si kazi ya wateule. Chukua neno, liandike kwa duara, lipindue silabi, likate kichwa, litazame kama kuna kitu limemeza. Likikupa neno la pili, tafuta sentensi moja inayoweza kuyabeba yote mawili bila kutetereka. Kisha fanya ukaguzi wa Ximenes: je, kuna neno lisilo na kazi? Lifute. Je, ngeli ya maana inapatana na jibu? Isipopatana, anza upya. Kitenzi kikiwa jibu, kiandikwe kama amri, bila ku-, ili kila mtu ajue mapema.

Lugha iliyomlea Muyaka bin Haji wa Mombasa, na washairi wengi waliofumbiana kwa tungo kabla na baada yake, haikosi akili za kujaza miraba. Inachokosa ni nafasi. Wahariri wa magazeti na majarida ya Kiswahili, tengeni robo ukurasa kwa wiki. Chapisheni madokezo kumi, na wiki inayofuata msichapishe majibu peke yake: chapisheni na maelezo yake, dokezo kwa dokezo, ili aliyeshindwa aone mlango ulikuwa wapi na mtunzi mzembe apate aibu yake.

Nawe msomaji, chukua haya matatu ya kuanzia. *Masika yakichafuka hupatikana kitoweo (6). Usiondoke, mwenye magando! (3). Kusi mbaya ina mnyama mkali tumboni (5).* Ukiyapata, mpe mwenzako ajaribu, na akikuletea jibu bila maelezo usilipokee.